Saka: Ugonjwa wa Kutaka na Kutaka

Kabla mtu akuambie tena eti ukiua tamaa utapata raha, niskize kidogo. Chuo sikumaliza, lakini kusoma sikuacha, na hii stori ni ya huku kwetu Taita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti anaitwa Grace Harris aliishi na Wataita. 1957 akachapisha makala kuhusu ugonjwa wa saka. Walioshikwa ni wanawake, hasa walioolewa. Mama anaona gari, ama anasikia firimbi ya treni, mara mabega yanaanza kutetemeka, kichwa kinatikisika, fahamu zinapotea. Watu wenyewe walisema ni ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa kutaka na kutaka. Dawa? Mume amnunulie anachotaka, ama achezewe ngoma hadharani, yeye akicheza na mavazi ya kiume.

Sasa, miaka kama 2,500 iliyopita kule India, Buddha alifundisha karibu hivyo hivyo: mateso yanatoka kwa tamaa. Neno lake ni tanha, maana yake kiu. Dawa yake ni kuizima hiyo kiu kwa njia ya hatua nane, kuanzia vile unaona mambo, vile unaongea, vile unatafuta riziki, hadi kutuliza akili.

Lakini cheki tofauti. Buddha, kwa simulizi, alizaliwa kwa watawala. Alikuwa na kila kitu, akaacha. Nyanya zetu wangeacha nini? Shamba na mifugo vilirithiwa na wanaume. Reli ilipopita Voi na mashamba ya mkonge yakafunguliwa, wanaume ndio waliteremka kutafuta mshahara. Mama akabaki mlimani na jembe. Pesa nyingi ya kununua kitu dukani ilipitia mkono wa mume. Na angalia ni nini kilimwangusha: gari, treni, vitu vya dunia ya pesa.

Simpingi Buddha. Hata yeye alijaribu kujinyima chakula hadi akabaki mifupa, akaona haisaidii, akachagua njia ya katikati. Na ile kiu ya kukesha kwa simu ukilinganisha maisha yako na ya wengine, hapo alisema kweli tupu.

Ila kuna kiu ingine, ya mtu aliyefungiwa mfereji. Huyo usimpe mawaidha ya kutuliza moyo. Muulize kwanza: ufunguo ako nao nani?

Yako wewe ni gani?