Siku Kati ya Bandari Mbili

Meli ya kitalii ikiwa katika safari ndefu huwa na siku za namna mbili: siku za bandari, abiria wanaposhuka kutembea mjini, na siku za baharini, inapokata maji tangu alfajiri hadi usiku bila nchi kavu kuonekana. Siku hizi za pili sasa hupangwa na kuuzwa kama sehemu ya starehe. Zamani zilikuwa mzigo kwa abiria aliyetaka kufika, na gharama kwa kampuni iliyopaswa kumlisha.

Wahamiaji waliotoka Liverpool kwenda Marekani kwa merikebu za tanga katika miaka ya 1840 walikaa baharini wiki tano au sita, na upepo ukiwa mbishi, zaidi ya hapo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1842 iliwataka wenye meli wampe kila abiria maji yaliyozidi kidogo lita tatu kwa siku, na ratili saba za nafaka, unga au mkate mkavu kwa wiki. Kupika kulikuwa juu ya abiria mwenyewe. Majiko yalikuwa machache, huko sitahani, na watu walijipanga tangu asubuhi sufuria mkononi. Bahari ikichafuka moto ulizimwa, milango ya kuteremkia chini ikafungwa, na mamia ya watu wakabaki gizani na chakula kibichi. Siku ya namna hiyo haikuwa na ratiba ila ya maji na moto.

Mvuke ulifupisha safari, lakini haukuleta raha papo hapo. Mwandishi Charles Dickens alipanda Britannia, meli ya kampuni ya Cunard, mjini Liverpool Januari 1842, akakuta chumba kidogo kiasi kwamba masanduku yake hayakuwa na pa kukaa. Abiria walikula kwenye meza ndefu za pamoja, maziwa yalitoka kwa ng'ombe aliyesafirishwa sitahani, na dhoruba za majira ya baridi ziliwalaza wengi vitandani kwa kichefuchefu. Aliporudi kwao Juni ya mwaka huohuo, Dickens alichagua merikebu ya tanga.

Safari ya kusafiri tu, bila shughuli iliyompeleka mtu, ilianza kujitokeza miaka hiyohiyo. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ilitangaza ziara za Mediterania kutoka Southampton, na ili habari zienee ikampa nafasi ya bure mwandishi William Thackeray, ambaye baadaye alitoa kitabu juu ya safari hiyo. Walioonyesha wazi zaidi tatizo la siku ya baharini, hata hivyo, ni Wamarekani wa meli Quaker City, iliyoondoka New York Juni 1867 ikiwa na abiria 70 hivi kuelekea Ulaya na Nchi Takatifu. Mark Twain alikuwamo, nauli yake ikiwa imelipwa na gazeti la San Francisco, na kitabu alichokitoa mwaka 1869 kina picha ya karibu ya jinsi watu wale walivyohangaika na saa zao. Jioni walisali. Mchana walicheza dhumna, au wakachora miraba kwa chaki sitahani na kusukumia humo visahani vya mbao kwa fimbo ndefu, mchezo ambao bado upo karibu katika kila meli ya abiria. Walijaribu kucheza dansi, lakini meli ilipoinamia upande mmoja wachezaji wote waliteleza hadi kwenye ukingo. Karibu kila mtu alianza kuandika shajara kwa bidii kubwa, na wengi wakaiacha kabla safari haijafika mbali. Yaani abiria walikuwa wameachiwa siku nzima waijaze wenyewe, wakashindwa.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa biashara ni Albert Ballin wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg. Sababu yake ilikuwa ya hesabu. Majira ya baridi abiria wa Atlantiki ya Kaskazini walipungua, na meli kubwa zilikaa bandarini zikila fedha. Januari 1891 akaitoa mojawapo, Augusta Victoria, kutoka Cuxhaven ikiwa na abiria 241, izunguke Mediterania kwa karibu miezi miwili. Watu walilipa, wakarudi wameridhika. Baadhi ya wenzake katika kampuni walikuwa wameliona wazo hilo kuwa la kipuuzi. Ila meli ya Atlantiki ilikuwa imeundwa ili watu wajifungie ndani na baridi, na sitaha zake wazi hazikutosha. Ndipo HAPAG ikaunda Prinzessin Victoria Luise, iliyoshushwa majini mwaka 1900, inayotajwa mara nyingi kuwa meli ya kwanza kuundwa kwa utalii pekee. Ilikuwa na vyumba 120, vyote vya daraja la kwanza, pamoja na maktaba, ukumbi wa mazoezi ya viungo na chumba cha giza cha kusafishia picha kwa waliobeba kamera. Haikuishi sana: Desemba 1906 iligonga mwamba karibu na Port Royal, Jamaika. Abiria wote waliokolewa, lakini nahodha alijipiga risasi chumbani mwake.

Kufikia wakati huo siku ya baharini ilikuwa imepata mfumo wake. Asubuhi na mapema mhudumu aligonga mlango na chai. Baada ya kifungua kinywa watu walipanda sitahani kwenye viti vya kunyooshea miguu, vilivyokodishwa pamoja na blanketi kwa safari nzima, kila kimoja kikiwa na kadi ya jina la aliyekikodi. Saa tano asubuhi ililetwa supu ya nyama ya ng'ombe kwenye vikombe, hata kama mtu alikuwa ametoka mezani saa mbili zilizopita. Saa saba chakula cha mchana, saa kumi chai na keki, na jioni tarumbeta au kengele ya shaba iliwaita watu wakavae mavazi rasmi. Tukihesabu milo tu, abiria hakuweza kukaa zaidi ya saa tatu bila kutafutwa. Kuanzia mwaka 1904 kulikuwa pia na gazeti: meli za Cunard zilipokea habari kwa mitambo isiyo na waya ya Marconi na kuzichapa kila siku humohumo baharini.

Kilele cha mchana kilikuwa saa sita. Maofisa walipima jua kwa sekstanti, wakajua meli ilipo, na hivyo ni maili ngapi imekwenda tangu adhuhuri ya jana. Namba hiyo ilibandikwa ubaoni, na watu waliisubiri kwa hamu kwa sababu ilikuwa na fedha ndani yake. Usiku uliotangulia, katika chumba cha kuvutia sigara, namba zilizokuwa karibu na makadirio ya nahodha ziliuzwa kwa mnada, moja moja. Na zilizokuwa juu au chini ya hizo ziliuzwa kwa mafungu mawili. Bahari ikiwa shwari fungu la juu lilipanda bei. Aliyenunua la chini alilala akiomba ukungu.

Saa sita hiyo yenyewe ilihamahama. Meli inayokwenda magharibi hulikimbilia jua linakotua, basi saa zake hurudishwa nyuma kila siku, na abiria hupata mchana mrefu kuliko wa nchi kavu. Inayokwenda mashariki hupoteza kiasi hichohicho. Katika kitabu cha Twain yumo kijana aliyeamini kwamba saa yake nzuri ya mfukoni imeharibika, akaizidishia mwendo kila alivyoweza, na bado ikawa nyuma ya kengele za meli. Leo jambo hili ni tangazo dogo tu la kuwakumbusha abiria wabadili saa kabla ya kulala, lakini kwa anayefanya kazi usiku kukatwa saa moja ya usingizi mara kadhaa kwa wiki si jambo dogo.

Chini ya sitaha siku haikuwa na supu. Meli ya Mauretania, iliyoanza kazi mwaka 1907, ilikuwa na matanuri 192 na ilichoma makaa ya mawe yapatayo tani 1,000 kwa siku, yote yakisogezwa na kutupwa motoni kwa sepetu. Wachochea moto walifanya kazi saa nne, wakapumzika nane, usiku na mchana, hadi meli ifike. Katika meli za Uingereza zilizokwenda Bahari ya Hindi kazi hiyo ilifanywa zaidi na watu wa Bara Hindi, na pia Waafrika walioandikishwa Zanzibar na Aden, ambao vitabu vya meli viliwaita Sidi. Kila kundi lilikuwa na mahali pake. Mabaharia wa sitahani walikuwa chini ya serahangi wao, usafi ulikuwa wa topasi, na mezani walihudumu Wagoa. Abiria angeweza kusafiri wiki tatu asimwone hata mmoja wa watu waliomsukuma. Mafuta yaliposhika nafasi ya makaa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wachochea moto wa meli kubwa walipungua kutoka mamia hadi makumi.

Joto nalo liliisumbua ratiba. Katika Bahari ya Shamu, kabla ya feni za umeme na hewa ya kupozwa, vyumba havikulalika. Usiku wahudumu walipandisha magodoro sitahani, wanaume upande huu na wanawake upande ule, turubai likining'inizwa katikati. Kabla hakujapambazuka vizuri mabaharia walikuja na mipira ya maji kuosha sitaha, na asiyeamka kwa hiari aliamshwa na maji. Abiria wa kwenda Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam waliyajua hayo, kwanza katika meli za Wajerumani zilizoanza njia hiyo miaka ya 1890, kisha katika za kampuni ya British India. Kati ya Aden na Mombasa ulikuwapo mstari wa ikweta, na siku ya kuuvuka ilikuwa ya mzaha mtupu: mtu alijifanya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, mwenye ndevu za kamba, akawahukumu wanaovuka kwa mara ya kwanza, wakapakwa povu, wakanyolewa kwa kisu cha mbao na kutumbukizwa majini. Mabaharia walikuwa wakifanyiana hivyo karne kadhaa nyuma, tena kwa ukali zaidi. Meli za abiria ziliufanya ukatili ule kuwa tamasha la watoto.

Miaka ya 1920 iliongeza sababu mbili za kusafiri bila pa kwenda. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na meli za kigeni zilitoka New York kwenda baharini kisha zikarudi, watu wakinywa mara tu maji ya Marekani yalipoachwa nyuma. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilikata idadi ya wahamiaji, na kampuni zilizobaki na vitanda vitupu zikatafuta watalii. Tayari mwaka 1922 Laconia ya Cunard ilikuwa imekodishwa na American Express kuizunguka dunia, ikatoka New York mwezi wa Novemba na kurudi mwaka uliofuata baada ya miezi minne na zaidi. Katika safari ya namna hiyo siku za baharini huzidi za bandari, na sitaha ikabidi ibadilike. Meli za Waitalia zilizopita kusini mwa Atlantiki zilijenga mabwawa ya kuogelea ya wazi, na kuota jua, jambo ambalo mabibi wa 1890 walilikwepa kwa miavuli, likawa shughuli ya mchana mzima.

Ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki na abiria Oktoba 1958, na katika miaka michache meli za kupeleka watu zikakosa watu wa kupeleka. Pwani ya Afrika Mashariki iliona hilo katika meli mbili za British India, Kenya na Uganda, zilizoundwa mapema miaka ya 1950. Kenya ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1969. Uganda ilibahatika zaidi: iligeuzwa kuwa meli ya shule, ikiwa na mabweni ya wanafunzi wapatao 900, na siku zake za baharini zikawa za darasa asubuhi, juu ya bandari inayofuata, na michezo alasiri. Mwaka 1982 ilichukuliwa kuwa meli ya hospitali katika vita vya Falkland.

Biashara iliyofuata ilizaliwa Miami. Desemba 1966 wafanyabiashara Ted Arison na Knut Kloster walianza safari za meli Sunward kwenda Bahamas, na mwaka 1970 ikaja Song of Norway, iliyoundwa kwa ajili ya Karibiani tu. Hapa ndipo hesabu ya siku ya baharini ilipopinduka kabisa. Kasino na maduka yasiyotozwa ushuru kwa kawaida hufungwa meli iwapo bandarini, na hufunguliwa inapotoka nje ya maji ya nchi. Siku ya bandari abiria hutumia fedha zake kwa wenye teksi na wauza vinyago. Siku ya baharini huzitumia zote ndani ya meli, kwenye baa, kamari, saluni na minada ya picha. Tikiti ikawa mlango tu. Ndiyo maana ratiba ya siku hiyo hujazwa pomoni kwa bingo, chemsha bongo, mihadhara na masomo ya dansi, na hapo zamani ilipitishwa chini ya mlango jioni kwa karatasi, sasa huonekana kwenye simu.

Kazi ya kuijaza haikupungua, ilihama tu kutoka kwenye matanuri kwenda jikoni, vyumbani na kwenye baa. Wafanyakazi wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India kwa mikataba ya miezi sita hadi tisa, bila siku ya mapumziko ya wiki. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unaruhusu nchi ziweke kikomo cha saa 14 za kazi katika saa 24 na saa 72 kwa siku saba, au zihakikishe pumziko lisilopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Saa hizo huandikwa, na kila mfanyakazi hupewa nakala ya kumbukumbu zake akiwa ametia sahihi.