WARAKA WA KAZI WA MWAKA 1919 NA WATU WA DINI WALIOUJIBU



Kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, chama hiki huacha kurasa chache kwa ajili ya habari za kale. Mwaka huu tumeona vema tuandike juu ya jambo ambalo limezusha maneno mengi katika mikutano yetu. Wako wanachama wasemao ya kwamba watu wa dini ndio waliotutetea kazini wakati tulipokuwa hatuna mtetezi. Wako na wengine wasemao kwamba wamisheni walikuja katika meli moja na masetla, wakala nao meza moja. Pande zote mbili zimetaja mambo ya kweli. Lakini habari yenyewe, jinsi ilivyotukia mwaka kwa mwaka, ni wachache waijuao, maana waliokuwa vijana siku zile wamekwisha kututoka. Basi tumeikusanya hapa.

Yapasa tuanze na vita ya 1914 hata 1918. Katika vita ile watu wetu walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi, wakaenda kubeba risasi na chakula cha majeshi katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Mtaa wa Kariokor katika Nairobi umebaki na jina la kikosi chao. Kwa hesabu za Serikali yenyewe, wapagazi waliokufa walizidi 40,000, na wachunguzi wa baadaye wamesema hesabu hiyo ni pungufu sana. Hawakufa kwa risasi, ila wachache. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, homa, baridi ya milimani, na posho ya unga ambao wengi wao hawakuuzoea wala hawakupata wakati wa kuupika ukaiva. Mwaka 1917 Dr. John Arthur, mganga wa misheni ya Kiskoti kule Kikuyu, alikusanya kikosi cha wapagazi kutoka misheni mbalimbali, akaenda nao mwenyewe. Watu wake walisimamiwa na watu waliowajua na kuwatunza, nao waliokufa kati yao walikuwa wachache kwa kulinganisha na vikosi vingine. Twaitaja habari hii kwa sababu ilidhihirisha jambo ambalo wakubwa wa vita walikuwa wakilikana: kwamba mpagazi hafi kwa kuwa ni mpagazi, hufa kwa kutotunzwa.

Vita ilipokwisha yakafuata maradhi ya mafua makuu na njaa ya 1918. Vijiji vilikuwa vimepungukiwa na vijana, na waliorudi walikuwa dhaifu. Wakati huohuo, mwaka 1919, Serikali ikaanza kuwagawia mashamba askari wa Kizungu waliomaliza vita. Shamba jipya lataka mikono ya kulima, na mikono haikupatikana kwa ujira uliokuwa ukitolewa. Ujira ungaliongezwa, labda watu wangalikuja. Njia iliyochaguliwa ilikuwa nyingine.

Tarehe 23 Oktoba 1919 ukatoka waraka wa kazi. Uliandikwa kwa amri ya Gavana, Sir Edward Northey, na kutiwa sahihi na John Ainsworth, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa mambo ya wenyeji. Waraka uliwaagiza maofisa wote wa Serikali katika nchi za Waafrika watumie kila njia iliyo halali kuwahimiza wanaume wenye nguvu waende kazini katika mashamba ya watu binafsi. Mahali ambapo mashamba yalikuwa karibu, wanawake na watoto nao wahimizwe. Machifu na wazee wakaambiwa ni wajibu wao kusaidia, na D.C. akaagizwa aweke kumbukumbu ya machifu waliosaidia na wasiosaidia, ili habari zao zimfikie Gavana.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Neno “lazima” halikuandikwa katika waraka ule. Lakini chifu wa siku zile aliwekwa na Serikali na kuondolewa na Serikali. Alipoitwa mbele ya D.C. na kuulizwa amepeleka vijana wangapi, hakuweza kuuliza kama lile lilikuwa shauri au amri. Alirudi nyumbani akawatuma askari wake, na askari wa chifu hawakuwa wasomaji wa nyaraka. Waliingia nyumba kwa nyumba. Mwenye mbuzi alitoa mbuzi, asiye na mbuzi akaenda kulima kahawa. Aliyewahi kusimuliwa na babu yake habari za “kushikwa” hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwezi uliofuata, Novemba 1919, watu watatu wa dini waliujibu waraka huo kwa hati. Walikuwa Askofu Heywood wa Mombasa, Askofu Willis wa Uganda, ambaye dayosisi yake ilifika mpaka nchi ya Kavirondo, na Dr. Arthur tuliyemtaja. Waliandika kwa adabu sana, lakini waligusa palipokuwa na kidonda. Walisema kwamba Mwafrika hatofautishi kati ya dokezo la Serikali na amri yake, na kwamba kumpa chifu kazi ya kuhimiza bila kumwekea mpaka ni kufungua mlango wa dhuluma na rushwa. Walihofu pia juu ya wanawake na wasichana ambao wangelala mbali na nyumba zao. Mambo hayo walikuwa wakiyasikia kila siku kutoka kwa Wakristo wao vijijini, na bila masikio hayo ya vijijini hati ile isingeandikwa.

Hata hivyo hatutaki kuwapamba kuliko haki yao. Maaskofu hawakusema kwamba kazi ya kulazimishwa ni dhambi na ikomeshwe. Walisema kwamba kama kulazimisha ni lazima, basi kufanywe wazi, kwa sheria, kwa kazi za Serikali kwanza, na kwa masharti ya kumlinda mtu juu ya afya, muda na malipo. Maana yake, walichukia lazima iliyojificha, wakaikubali ile iliyovaa nguo. Wala hapakuwa na jina la Mwafrika hata mmoja chini ya hati ile. Mwaka 1920 Serikali ikapitisha sheria iliyompa D.C. uwezo wa kumtaka mtu afanye kazi ya Serikali yenye malipo mpaka siku 60 kwa mwaka, ila aliyekuwa amefanya kazi ya ajira miezi 3 katika mwaka ule alisamehewa. Mtu mwenye akili aliona mara moja mtego ulipo: ukimbie barabara ya Serikali uingie shamba la setla.

Aliyekataa kabisa alikuwa Frank Weston, Askofu wa Unguja. Huyu aliwajua wapagazi kwa macho yake, kwa kuwa wakati wa vita alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja akatembea nao kwa miguu huko bara. Mwaka 1920 alitoa kijitabu ambacho jina lake kwa lugha yetu ni “Watwana wa Uingereza”. Hoja yake ilikuwa fupi. Kumlazimisha mtu kumfanyia kazi mtu mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni utumwa, hata akilipwa, na Uingereza haiwezi kujisifu kwamba iliwafungua watumwa wa Unguja huku ikiwafunga watu wa bara. Aliwakosoa hata maaskofu wenzake. Sisi, tukisoma habari hizi leo, twamwona Weston ndiye aliyeliita jambo kwa jina lake.

Huko London jambo lilishikwa na J. H. Oldham, katibu wa mashirika ya misheni. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kazi yake ilikuwa kukusanya barua, kuonana na wakubwa mmoja mmoja, na kuandika hati ambazo hapana waziri angeweza kuzitupa. Alimpata Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, na Julai 1920 jambo la kazi ya Kenya likazungumzwa katika Baraza la Malodi. Desemba 1920 hati ndefu ikapelekwa kwa Lord Milner, Waziri wa Makoloni. Milner akaondoka, akaja Winston Churchill. Tarehe 5 Septemba 1921 Churchill akaandika amri mpya: kwamba Serikali na maofisa wake waweza kuwapa watu habari za mahali penye kazi, na kuwapa waajiri habari za mahali penye watu, lakini kuanzia hapo wasiwe na mkono katika kuwatafutia watu binafsi wafanyakazi. Waraka wa Northey ukawa umetanguka, karibu miaka 2 tangu ulipotoka. Northey mwenyewe aliondolewa mwaka 1922.

Lakini amri ya London haikuongeza hata senti moja katika ujira. Mwaka ule ule wa 1921 bei za mazao zilianguka, na masetla wakapatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi, kwa upande wake, ilikuwa imepandishwa kufikia shilingi 16. Aliyesimama juu ya jambo hilo alikuwa Harry Thuku, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Kambui, karani wa simu katika ofisi ya hazina Nairobi. Wengi wa wafuasi wake walikuwa wasomi wa misheni vilevile. Wamisheni wengi, walioandika vizuri juu ya waraka wa Northey, hawakupendezwa naye. Walimwona mkali, tena hakuwaomba ruhusa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi ulipigwa risasi, akafa Muthoni Nyanjiru na wengine pamoja naye. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walitaja hesabu kubwa zaidi.

Kwa wanachama wa chama cha maslahi kama chetu, sehemu ifuatayo ndiyo iliyo karibu zaidi. Desemba 1921, huko Lundha katika nchi ya Gem, walimu na wasomi wa Maseno walifanya mkutano mkubwa, wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Watu wakakiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walidai kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, na kambi za kazi ya lazima zifungwe. Mwaka 1922 kodi ilishushwa kufikia shilingi 12. Mwaka 1923 kiongozi wa kanisa lao, Shemasi Mkuu Walter Owen, akashika usukani, na chama kikageuka kuwa Chama cha Maslahi ya Walipa Kodi wa Kavirondo. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kulala juu ya vitanda safi.

Wako waliomlaumu Owen kwa hili, na twaona lawama yao ina msingi: watu walikuja kudai kodi na kipande, wakapewa choo. Lakini haki yake ni kusema kwamba yeye mwenyewe hakunyamaza. Aliandika kwa Serikali, na Serikali isipomjibu akaandika kwa magazeti ya Uingereza, hasa Manchester Guardian, juu ya wanawake na watoto waliofanyishwa kazi ya barabara, na juu ya ardhi ilipopatikana dhahabu Kakamega. Katika miaka ya 1930 alishika jambo la watoto wadogo walioandikwa kazi mashambani, na mwaka 1938 Serikali ikaweka kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Masetla walimchukia hata wakaligeuza jina la cheo chake; badala ya shemasi mkuu wakamwita shetani mkuu. Alifariki mwaka 1945.

Miaka 2 baadaye, tarehe 13 Januari 1947, Mombasa ilisimama. Makuli wa bandarini, watu wa reli, mahoteli na majumbani waliacha kazi pamoja, watu wapatao 15,000, wakawa wakikusanyika kila siku katika uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Mbele yao hapakuwa na askofu, bali walimchagua Chege Kibachia awe msemaji wao. Serikali iliweka baraza la kuamua mishahara, na nyongeza zikatolewa. Kibachia alikamatwa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa Kabarnet, akakaa huko miaka mingi.