Hitilafu Ikitokea, Nani Atafunga Mlango?

Leo tuzungumzie historia ya jambo dogo katika uandishi wa programu, ambalo liliwahi kuniaibisha mbele ya wakulima.

Miaka michache iliyopita, nikiwa Kisii, niliandika programu ya Java ya kurekodi kilo za majani chai kwa kituo kimoja kule Nyamira. Kila gunia lilipopimwa, programu ilifungua muunganisho na hifadhidata, ikaandika kilo, kisha ikaufunga. Karani alipochapa herufi mahali pa nambari ya mkulima, hitilafu ilitokea katikati, na mstari wa kufunga ukarukwa. Kufikia saa nane mchana miunganisho yote ilikuwa imekwisha. Foleni ikasimama, majani yakaanza kunyauka maguniani.

Kumbe tatizo langu ni la zamani. PL/I, lugha ya IBM ya miaka ya 1960, iliruhusu programu kutaja mapema kitakachofanyika hitilafu ikitokea. Mwaka 1975 John Goodenough alichapisha makala iliyolipanga wazo hilo vizuri, na Barbara Liskov na wenzake wa MIT wakalitia katika lugha ya CLU. Lakini kuikamata hitilafu ni jambo moja. Kusafisha ilichoacha nyuma ni jingine.

Hapo njia zikagawanyika. Bjarne Stroustrup, katika C++, aliwaachia kazi obyekti zenyewe: obyekti inapofika mwisho wake, destrakta yake hujiendesha, hata kama hitilafu iko njiani. Java, iliyotangazwa mwaka 1995, haikuwa na destrakta. Ilileta neno finally: yaliyomo humo hutekelezwa, kuwe na hitilafu au kusiwe. Shida ni kwamba mwandishi lazima akumbuke kuliandika. Mimi sikukumbuka! Ndiyo maana Java 7, mwaka 2011, iliongeza try yenye mabano: fungua muunganisho ndani ya mabano hayo, na lugha yenyewe itaufunga.

Tahadhari moja: stima ikipotea ghafla, hata finally haipati nafasi. Hapo mwokozi ni muamala wa hifadhidata: rekodi iandikwe yote au isiandikwe kabisa.

Marekebisho yangu yalikuwa mistari mitatu tu. Wewe nawe, kagua programu zako leo: kila ulichofungua, nani atakifunga ukisahau?