Kariakoo: Jina la Mpagazi

Alfajiri Mbagala, kabla taa za barabarani hazijazimwa, konda anapiga bodi la basi kwa kiganja na kuita: "Karikoo, Karikoo, Karikoo Gerezani! Wawili tu, wa kukaa!" Kwenye kioo cha mbele pameandikwa K/Koo kwa rangi nyekundu. Hakuna abiria anayeuliza maana yake. Mimi nimekulia Temeke, na mama akisema anakwenda Karikoo tulijua jioni atarudi na kitambaa cha sare za shule, viungo vya pilau, au kandambili za mdogo wangu. Kwetu Kariakoo ilikuwa mahali pa kununua vitu. Nilikuwa mtu mzima, nimekwisha kuanza kazi, nilipojua kwamba kila siku nilikuwa nalitaja jina la kikosi cha jeshi.

Kikosi chenyewe kiliitwa Carrier Corps, na Waingereza hawazitamki herufi za mwisho za neno la pili. Mswahili aliyelisikia alilipa irabu zake, likalainika mdomoni, likawa Kariakoo. Hiki hakikuwa kikosi cha watu wenye bunduki. Kilikuwa kikosi cha wapagazi, watu wa kubeba.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani walikuwa wameanza kuutanua mji wao upande wa magharibi, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na walikuwa wamekwisha kujenga jengo la soko huko. Vita vikawakuta. Tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam ikasalimu amri, Waingereza wakaingia, na uwanja ule pamoja na jengo lake ukageuzwa kambi ya wapagazi. Vita vilipokwisha, jengo likarudia kazi iliyokusudiwa. Viwanja vikapimwa, nyumba za Kiswahili zikajengwa kwa mstari: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Wanajeshi waliondoka na mahema yao. Jina likabaki na wenyeji.

Mtu anaweza kuuliza, jeshi kubwa la dola kubwa lilihitaji vichwa na mabega ya watu kwa nini? Jibu ni mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walioletwa kuvuta mizigo walikufa kwa maelfu katika mapori ya Tanganyika. Reli ya Kati nayo Wajerumani waliivunja madaraja walipokuwa wakirudi nyuma. Magari yalikuwa machache, na masika yakiingia yalizama kwenye tope. Kwa hiyo risasi, unga, dawa, hema la ofisa na hata vipande vya mizinga vilibebwa na binadamu. Kadiri majeshi yalivyosogea kusini kuelekea Rufiji, Kilwa na Lindi, ndivyo safari ilivyorefuka, na safari ikirefuka mpagazi alihitaji mpagazi mwingine wa kumbebea chakula chake.

Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria kwamba watu karibu milioni moja walipitishwa katika kazi hiyo, kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo na hapa kwetu. Wengi hawakujiandikisha kwa hiari. Walishikwa vijijini kwa amri ya mabwana shauri, kupitia kwa machifu na maakida, na vijana waliposikia habari walikimbilia porini. Wajerumani nao walifanya vilevile upande wao. Vifo vya wapagazi wa Waingereza vilivyoandikwa vinazidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli ilikaribia 100,000.

Risasi iliua wachache miongoni mwao. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, pasipo muda wala chombo cha kuupika ukaiva, nao wengine walikuwa watu wa ndizi au wali ambao matumbo yao hayakuujua unga huo. Walilala mvuani bila blanketi ya kutosha. Masika ya mwaka 1917 katika bonde la Rufiji yalikuwa mabaya mno. Ninapofikiria habari hizi huwa namfikiria mtu mmoja tu, maana milioni siwezi kuiona kwa macho. Namwona kijana ana ratili hamsini kichwani, tumbo linamsokota, na nyuma yake kuna mtu mwenye kiboko.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba upagazi haukuwa kazi ya fedheha katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kati ya Tabora na Bagamoyo ilitegemea Wanyamwezi, na kwao safari ya kwenda pwani ilikuwa kipimo cha ujana. Mpagazi alipatana ujira wake, alijua uzito wa mzigo wake, na akidhulumiwa aliutua akagoma, msafara mzima ukakwama. Vita vikaichukua kazi ya heshima vikaifanya utumwa wa miaka minne. Leo kuna Mtaa wa Nyamwezi palepale Kariakoo. Jirani zake ni Udoe, Gogo, Pemba na Kongo. Ukiipita mitaa hiyo kwa mguu, umetembea nusu ya bara ndani ya robo saa.

Lakini mitaa iliyonishangaza kupita yote ni mitatu mingine. Kuna Mtaa wa Narung'ombe. Kuna Tandamti. Kuna Mahiwa. Kwa miaka mingi niliyachukulia kama majina tu, kama mtu anavyochukulia jina la jirani. Siku moja nilikuwa nasoma habari za vita ile, nikakutana nayo yote matatu, moja baada ya jingine, kama watu ninaowafahamu. Narung'ombe ni mahali karibu na Kilwa palipopiganwa Julai 1917. Tandamuti ni kilima cha upande wa Lindi, palipopiganwa Agosti mwaka huohuo. Na Mahiwa, ndani kidogo kutoka Lindi, palipiganwa siku nne mwezi Oktoba 1917, mapigano ya kutisha kuliko mengine yote ya vita ile katika Afrika Mashariki. Kwa siku hizo chache Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Niliweka kitabu chini. Kiatu nilichokuwa nimevaa nilikinunua Narung'ombe.

Basi tuna mji ambao soko lake kuu lina jina la kambi ya wapagazi, na mitaa yake ina majina ya mapori waliyofia. Sijui kumbukumbu nyingine ya vita iliyo hai kiasi hiki. Inatajwa na konda, na mama wa vitenge, na kijana anayeelekeza bodaboda kwa simu: "Njoo kona ya Tandamti na Swahili."

Kumbukumbu rasmi iko kwingine, dakika chache kwa basi, kwenye mzunguko wa Mtaa wa Samora. Ni Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 mahali ambapo zamani iliwekwa sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Askari wa shaba ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, na ni haki kulisema hilo. Lakini aliyepandishwa juu ya jiwe ni mwenye bunduki. Nairobi walifanya tofauti: kwenye sanamu yao ya vita hiyohiyo watu ni watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Tena wao nao wana soko lenye jina lilelile, Kariokor, lililozaliwa na kambi kama yetu. Natamani siku moja na sisi tumtengenezee mpagazi wetu sanamu, iwekwe sokoni, kwenye watu.

Kariakoo haikuishia kwenye huzuni hiyo. Waliorudi vitani wakiwa hai walirudi wakiwa wameona mengi. Kleist Sykes, aliyepigana upande wa Wajerumani akiwa kijana mdogo, alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mwaka 1929, na tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, sasa Lumumba, chama cha TANU kikazaliwa. Wana wawili wa Kleist walikuwamo miongoni mwa waasisi wake. Klabu za mpira za Yanga na Simba nazo zilipata maskani humohumo Kariakoo. Hayo yameandikwa na wengi, siyarudii.

Soko la sasa lilifunguliwa Desemba 1975. Mchoraji wake ni Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Watanzania. Simama upande wa mbele uinue macho: paa ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, inapokea mvua na kuiteremsha hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Chini ndiko Shimoni, tulikokuwa tukishuka na mama kununua ndizi mbichi, harufu ya vitunguu na unyevu ikitupokea kwenye ngazi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 jengo likashika moto. Kesho yake nilikwenda kama walivyokwenda wengi. Watu walisimama mbali kidogo nyuma ya utepe wa polisi, kimya, na sijawahi kuisikia Kariakoo kimya vile kabla wala baada ya hapo. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa ameshika funguo za kizimba chake, anazigeuzageuza.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua pazia. Katikati ya Tandamti sauti ilitoka nyuma: "Mzigo! Pisha mzigo!" Nikajibana ukutani. Kijana alipita na robota la vitenge kichwani, shingo imekakamaa, kata ya kitambaa imelowa jasho hadi kwenye nyusi. Alikanyaga kwa hatua fupi za haraka, magoti yamekunjwa kidogo ili mzigo usiyumbe. Maguta yalikuwa yamekwama kwa msongamano, na pikipiki vilevile. Yeye alipenya.

Nilimfuata kwa macho hadi alipotua, kwenye buti la gari lililokuwa likisubiri. Mama mwenye mzigo alikuwa ameanza kupanda. Kijana akaweka mkono juu ya mlango, bila hasira, akasema: "Mama, tuelewane kwanza."

Nikakumbuka kwamba mishahara ya wapagazi wengi waliofia vitani haikuwafikia ndugu zao; fedha zilibaki serikalini, na miaka ikapita zikijadiliwa kwenye barua za maofisa.

Mama akafungua pochi. Kijana akapokea, akazihesabu noti palepale mbele ya watu, moja moja, akazikunja akazitia kwenye soksi. Kisha akaikung'uta kata, akairudisha kichwani, akageuka kuelekea sokoni.