Begi la Kujifungulia na Wajibu Uliohamishwa

Mimba ikishafika miezi minane, nyumba nyingi za Tanzania huwa na begi lililofungwa tayari na kuwekwa mahali ambapo hata jirani anaweza kulichukua usiku wa manane. Ndani mna kanga kadhaa zilizofuliwa na kupigwa pasi, mpira wa kulalia, pamba, nyembe mpya, uzi au vibanio vya kufungia kitovu, jozi za glovu, mabomba ya sindano, beseni, sabuni, pedi za mzazi, nguo za mtoto na chupa ya chai. Mama huipata orodha kliniki, huiongezea ushauri wa mama mkwe na mashoga, na siku ya uchungu begi hilo ndilo la kwanza kuulizwa mapokezini. Tumeizoea mno, hata anayefika mikono mitupu huonekana mzembe asiyejali mwanawe. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba begi hili limebeba mizigo ya watu wawili. Nusu yake ni ya mama na jamaa zake, na imekuwa yao tangu zamani. Nusu nyingine ni zana za kazi za hospitali, zilizohamishiwa begani kwa mama katika miaka ya 1980 na 1990, na mpaka leo hazijarudishwa zilikotoka.

Nusu ya kwanza ina historia ndefu. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokichapa Carl Velten mwaka 1903 kwa kutegemea zaidi maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaeleza mimba na uzazi kuwa ni shughuli ya nyumbani yenye watu wake na utaratibu wake. Katika sehemu nyingi za pwani, na bara vilevile kwa namna tofauti, mwenye mimba ya kwanza alirudishwa kwao ili mama yake mzazi awe karibu. Kuni zilikusanywa mapema kwa sababu maji ya moto yangehitajika kila siku: ya kuoga, ya kumkanda tumbo na kiuno. Uji wa pilipili manga uliandaliwa ili maziwa yashuke na mwili urudishe joto. Kilimanjaro, mzazi alipikiwa mtori. Zikaja siku arobaini za kukaa ndani bila kuchota maji wala kushika jembe. Maandalizi hayo yaligawanywa kati ya bibi, shangazi, mawifi na majirani, na mkunga hakumtaka mtu alete zana kabla hajaingia chumbani. Alikuja na ujuzi wake na vifaa vyake, naye alishukuriwa baadaye, mama na mtoto wakiwa salama.

Sisemi haya kwa kutamani zama hizo. Mkunga wa jadi hakuwa na la kufanya mbele ya kondo lililong'ang'ania, mtoto aliyelala kimshazari au damu isiyokatika, na chombo kichafu cha kukatia kitovu kilileta pepopunda iliyoua vichanga wengi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Wanawake wa zamani walijua kwamba wanaingia katika hatari; hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Ninachokizingatia ni mgawanyo wa kazi. Familia ilitoa nguo, chakula, joto na watu. Mzalishaji alitoa uzalishaji.

Hospitali zilipokuja, mgawanyo huo haukuvunjwa. Huko Mengo, Kampala, Albert Cook na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, walianza kufundisha wakunga mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1921 chuo cha ukunga cha Lady Coryndon kikafunguliwa. Zanzibar iliundwa jumuiya ya uzazi mwaka 1918, iliyotegemea sana michango ya wafanyabiashara wa Kihindi, ikadumu mpaka mwaka 1947. Nairobi ilipata nyumba ya wazazi ya Lady Grigg mwaka 1926, ambayo leo ni hospitali ya Pumwani. Kule Katanga, kampuni ya Union Minière iliachana na vibarua wa muda mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaanza kuwaweka wachimbaji kambini pamoja na wake zao, ikawajengea wodi za wazazi na kliniki za watoto wachanga. Hakuna aliyefanya hivyo kwa huruma tupu. Vita vilikuwa vimemaliza wapagazi kwa maelfu, mafua ya 1918 yakapita nyuma yake, na watawala waliogopa kukosa nguvu kazi. Wamisionari nao walikuwa na nia ya kufikisha dini yao mpaka kitandani kwa mzazi. Lakini kwa sababu yoyote ile, aliyemtaka mama aje hospitali alijua kwamba ni lazima ampe kitu ambacho nyumbani hakipo. Kitu hicho kilikuwa mkunga aliyesoma, akiwa na mkasi uliochemshwa, uzi safi, dawa na kitanda. Kama mama angeambiwa alete mwenyewe mkasi na uzi, angeuliza, na kwa haki, sasa kuna haja gani ya kutoka nyumbani.

Baada ya uhuru ahadi hiyo ilipanuliwa hapa Tanzania. Azimio la Arusha la 1967 lilifuatwa na ujenzi wa zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika ziliiweza, na matibabu ya umma yalikuwa bure. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku hata hospitali binafsi za kibiashara. Miaka michache tu baadaye msingi wa fedha ukatikisika: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kuporomoka kwa mapato ya mazao, kisha masharti ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Majengo yalibaki, wauguzi walibaki, makabati yakawa matupu. Na hapo hapo likaingia jambo ambalo wengi hulisahau wanapoisimulia historia hii, nalo ni Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika muda mfupi ikawa dhahiri kwamba damu ya leba inaweza kumwambukiza anayezalisha, na wembe au sindano iliyotumika inaweza kumwambukiza mama mwingine. Vitu vilivyokuwa vikichemshwa na kutumiwa tena vikatakiwa kuwa vya mara moja na kutupwa. Mahitaji ya glovu, nyembe na mabomba ya sindano yakaongezeka mara nyingi katika miaka ileile ambayo bohari ya dawa haikuwa na fedha ya kununua hata pamba. Ukiitazama orodha ya begi kwa jicho hilo, tarehe yake ya kuzaliwa inasomeka humo humo.

Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wajawazito na watoto wadogo waliwekwa katika kundi la kusamehewa. Kwa maandishi, mama halipi. Ila msamaha ulihusu ada ya huduma, na kabati tupu halijazwi na msamaha. Muuguzi aliyekuwa zamu alifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: aliwaambia kinamama waje na vifaa vyao. Utafiti wa kitaifa wa 1991/92 ulionyesha kwamba watoto wapatao 53 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti wa 1999 ulikuta wamepungua mpaka 44 hivi. Nchi ilikuwa na zahanati zilezile, na kina mama waliofundishwa na wazazi wao kwamba hospitali ndiko salama, wakaanza kurudi kwa mkunga wa jirani. Sidai kwamba orodha ya vifaa pekee ndiyo iliyowarudisha. Barabara, nauli, upungufu wa wahudumu na lugha kali za wodini vilichangia, pengine kwa uzito uleule. Lakini kwa mwanamke ambaye mumewe hana kazi ya kudumu, kwenda leba bila glovu ni kujipeleka kwenye aibu, na aibu humzuia mtu mapema kuliko umbali.

Kuna wanaosema kwamba kujiandaa ni jambo jema na kwamba wataalamu wenyewe wanalisisitiza. Ni kweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kliniki zetu zinafundishwa kumsaidia kila mjamzito kupanga mapema atajifungulia wapi, atasafiri kwa chombo gani, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, nani atamchangia damu ikihitajika. Anayeishi mbali anashauriwa kuhamia karibu na hospitali wiki chache kabla, katika nyumba za kusubiria ambazo wengi huziita chigonela. Hayo ndiyo maandalizi yenye maana, nami nayaunga mkono kwa moyo wote. Hata kanga naziunga mkono. Kanga iliyokwisha kuzeeka ni bora kuliko shuka nyingi za hospitali: imefuliwa mpaka ikawa laini, inanyonya maji upesi, haina ile dawa ya kiwandani inayoifanya kanga mpya iteleze na kukakamaa. Mkunga humpokea mtoto kwa moja, humkausha kichwa, mgongo na makwapa, huiondoa ile yenye majimaji, kisha humfunika kwa nyingine iliyo kavu juu ya kifua cha mama. Moja hubaki ya kulalia, moja ya mama kujifunga atokapo leba. Hapo kila kanga ina kazi yake, na kuileta kutoka nyumbani ni mwendelezo wa desturi ileile ya zamani ya familia kutoa nguo na joto. Lakini glovu haziko katika desturi hiyo. Glovu ni za mkono wa mzalishaji, kama lilivyo jembe la mkulima, na mahali pa kazi ndipo panapostahili kuzitoa.

Wengine watasema serikali ni maskini, na kwamba kuiondoa orodha bila kujaza makabati ni kumwacha muuguzi mikono mitupu mbele ya damu. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu muuguzi huyo ndiye aliyeushikilia mfumo usianguke katika miaka mibaya, na si haki kumlaumu kwa kuiandika orodha. Kenya inatoa funzo lenye pande mbili. Juni 2013 ada za kujifungua zilifutwa katika hospitali za umma, kinamama wakafurika, na wodi zilizokuwa zimejaa zikazidi kujaa. Lakini hali ya kabla ya hapo ilikuwa mbaya kiasi kwamba baadaye, Septemba 2015, Mahakama Kuu ya Kenya, ikitoa hukumu juu ya kinamama wawili waliozuiliwa Pumwani kwa kushindwa kulipa, ilitamka kwamba kitendo hicho kilivunja katiba. Kufurika kunathibitisha kwamba gharama ndiyo iliyokuwa imewafungia watu nje. Dawa ya msongamano huo ni vitanda na wakunga zaidi. Na sisi wa Tanzania tunaijua picha ya vitanda vichache: kinamama wawili waliolala mzungu wa nne, kila mmoja na kichanga chake, wakiruhusiwa kuondoka kabla hata ya zile saa 24 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aangaliwe kituoni.

Lipo jingine zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104, na waliojifungulia vituoni walikuwa wamefika asilimia 81. Makadirio ya namna hii yana pengo kubwa la uhakika, na si vyema kuyasherehekea kama matokeo ya mpira, lakini mwelekeo haupingiki. Katika kipindi hicho vituo vya afya vingi vilipatiwa vyumba vya upasuaji, na mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito wa dharura ukaanza kuenezwa nchini. Mambo hayo hayanunuliki duka la dawa la mtaani. Kinachomuua mama ni damu kutokatika, kifafa cha mimba, uchungu pingamizi na maambukizi, na hakuna kitu ndani ya begi kinachoizuia damu ya baada ya kujifungua. Inazuiwa na oksitosini iliyohifadhiwa kwenye baridi, akiba ya damu, na daktari anayefika kwa wakati. Kwa miaka 30 tumempima mama kwa uzito wa begi lake, huku yale yanayomwokoa yakiwa mikononi mwa bajeti ambayo yeye hana kauli juu yake.

Glovu, wembe, uzi wa kitovu, bomba la sindano na mpira wa kulalia ni vitu vya bei ndogo, na halmashauri ikivinunua kwa jumla hupungua bei zaidi. Kwa hiyo naziomba halmashauri zinazopanga bajeti ya vituo vyao zivitaje vitu hivyo vitano kwa majina katika mstari wa vifaa vya leba, na waganga wafawidhi wavifute katika karatasi zinazobandikwa ukutani kliniki. Kanga, chai na nguo za mtoto, familia zitaendelea kuzileta bila kuambiwa.