Majina ya "Eli" katika Nchi ya Meru

Mgeni afikaye Arusha, akifungua daftari la shule upande wa Meru, huenda akakuta majina yasiyo ya Biblia wala ya ukoo: Elibariki, Elisante, Elirehema, Aminieli. Wamisioni wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru mwaka 1896. Wenzao wakarudi mwaka 1902, wakajenga Nkoaranga. Wakristo wa huko, kama wenzao wa Uchagani na Upare, walipata kuliunganisha neno Eli, "Mungu wangu" kwa Kiebrania (Mathayo 27:46), na maneno waliyoyasema kila siku, hata jina likawa sala: Elisante, shukrani kwa Mungu, Aminieli, kumwamini Mungu.

Wako wanaolaumu. Wazee husema jina la babu limeachwa. Wenye elimu, kwamba si Kiebrania safi wala Kiswahili safi. Lakini mzazi aliyechagua hivyo hakumwiga Mzungu, wala hakuwakana wazee wake, maana jina la ukoo hufuata nyuma: Pallangyo, Nanyaro, Kaaya, Mbise. Basi mwalimu aandikapo daftari asimgeuze Elisante kuwa Elisha. Jina lile ni ushuhuda wa nyumba moja. Likifutwa, hapana mwingine wa kuutoa.