Makelele ya Mhariri na Maji ya Kagera

Wahenga walisema kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii hutumika kumdharau mtu mwenye maneno mengi yasiyo na kitu ndani, na mara nyingi dharau hiyo humstahili. Lakini historia ya mpaka wetu wa kaskazini-magharibi, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, yatulazimisha kuiuliza methali hiyo swali moja: debe likivuma kutwa kucha mbele ya watu wasiosikia sauti nyingine, je, tuendelee kuliita tupu?

Tuanze na debe la kuchekesha. Huko Marekani kilitoka, kikiwa na tarehe ya Machi 1963, kitabu cha katuni cha Stan Lee na Steve Ditko, kumhusu Spider-Man, kijana aliyejaliwa nguvu za buibui. Humo ndimo alimozaliwa J. Jonah Jameson, bwana wa gazeti la Daily Bugle la New York. Jameson ni mtu wa kufoka na kupiga meza, ambaye kila siku huwaonya watu kuwa shujaa yule ni hatari kwa mji. Katika toleo hilo hilo shujaa alimwokoa mwana wa Jameson, aliyekuwa angani ndani ya chombo kilichoharibika. Badala ya shukrani, gazeti lilidai kuwa ajali yenyewe ilikuwa hila ya mwokozi. Na ajabu ni kwamba shujaa huyo, avuapo kifuniko cha uso, ni Peter Parker, kijana maskini ambaye baadaye alipata riziki yake kwa kumwuzia mhariri yule yule picha. Katika toleo la 10, lenye tarehe ya mwaka 1964, Jameson alipokuwa peke yake alikiri chanzo cha uadui wake. Kilikuwa ni wivu wa mtu aliyeishi kwa kuchuma mali dhidi ya mtu aliyejitoa kwa ajili ya wengine.

Kwa nini twacheka tusomapo visa hivi, wala hatuogopi? Jibu halimo katika tabia ya Jameson, maana uongo wake ni uongo na chuki yake ni chuki. Jibu limo katika mahali alipowekwa msomaji. Mchoraji amemketisha juu ya dari, anakoona yote mawili: tendo jema la shujaa katika ukurasa mmoja, na habari iliyopotoshwa katika ukurasa wa pili. Jameson hawezi kumdanganya mtu aliyekwisha kuona. Lakini mwondoe msomaji darini, umweke barabarani pamoja na wanunuzi wa Daily Bugle, na kicheko kitakauka mara moja.

Nchini Rwanda wasomaji waliwekwa barabarani. Huko palikuwa na gazeti lililoitwa Kanguka, maana yake Amka, ambalo mhariri wake, Vincent Rwabukwisi, aliikosoa serikali ya Rais Juvénal Habyarimana. Mwezi wa Mei 1990 likazuka gazeti la kushindana nalo, likaiga hata jina lake. Hilo ni Kangura, yaani Amsha, na mhariri wake alikuwa Hassan Ngeze. Ngeze alikuwa mtu wa majigambo na ukali wa maneno. Gazeti lake lilijaa katuni, maana mchoro humfikia hata asiyejua kusoma. Mwezi wa Desemba 1990, katika toleo la 6, lilichapisha zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu, ambazo ziliharamisha ndoa na biashara baina ya Wahutu na Watutsi, na kuwataka Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Tangu hapo aliyelengwa hakuwa mtu mmoja mwenye nguvu za ajabu, awezaye kuruka juu ya paa na kujiokoa. Lililengwa kundi zima la raia, wakulima na walimu, akina mama na watoto wao wachanga.

Hapa Ngara, jina hilo la mende lingeweza kupimwa kwa macho. Tangu miaka ya 1960 wilaya hii iliwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, wakapewa makazi Muyenzi. Kihangaza, lugha ya wenyeji, ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, hata salamu hazikuhitaji mkalimani. Aliyekutana na mkimbizi sokoni au shambani aliona uso wa mtu. Yeye alikuwa kama msomaji wa darini, na ukurasa wa pili alikuwa nao. Aliyesoma Kangura upande wa pili wa mto hakukosa majirani wa kuwatazama, lakini alifundishwa kuwa uso auonao ni kifuniko tu, na chini yake amejificha adui.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana, aliyekuwa akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Katika muda wa siku mia hivi waliuawa watu wapatao laki nane, wengi wao Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Rwabukwisi wa Kanguka alikuwa miongoni mwao. Mto Kagera ukachukua maiti, ukazipitisha katika maporomoko ya Rusumo mbele ya macho ya watu wa Ngara, ukazipeleka hata Ziwa Viktoria. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili, watu zaidi ya laki mbili wakavuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakapiga kambi Benaco. Wengi wao walikuwa Wahutu waliolikimbia jeshi la RPF. Miongoni mwao walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo waliotoka kuua.

Makelele nayo yalivuka daraja. Viongozi waliowaongoza watu katika maovu waliendelea kuwaongoza kambini, wakieneza habari kuwa arudiye Rwanda harudi ila kufa. Mwezi wa Desemba 1996 serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwa wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, maelfu walilipa daraja kisogo, wakaelekea ndani ya nchi, mpaka jeshi na polisi wakawageuza. Hofu ya kuteswa ilikuwa na sababu zake, wala si haki kuidharau. Lakini watu waliolishwa chakula cha aina moja kwa miaka sita hawakuwa na mizani ya kupimia hofu ya kweli na hofu ya kupikwa.

Sheria ilifika, ila ilifika nyuma ya msiba. Ngeze alikamatwa Mombasa mwezi wa Julai 1997, akahukumiwa na Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha tarehe 3 Desemba 2003 kifungo cha maisha. Katika rufani ya mwaka 2007 kifungo hicho kikapunguzwa kuwa miaka 35. Mamlaka ya mahakama hiyo yalihusu makosa ya mwaka 1994 peke yake. Kwa hiyo hukumu ya uchochezi wa gazeti iliyothibitishwa katika rufani ilisimama juu ya makala za mwaka huo, na zile Amri Kumi za mwaka 1990 hazikuweza kuwa kosa la kuadhibiwa. Mbegu haikuhukumiwa, yalihukumiwa mavuno.

Basi shujaa yuko wapi katika kisa hiki? Hakuruka mtu juu ya mapaa. Lakini mwaka 1995 mjini Ngara ilianzishwa Redio Kwizera na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi. Kwizera maana yake ni kutumaini. Redio hiyo ilitangaza habari, afya, elimu na amani, mambo yasiyo na kishindo. Haikuweza kuwafufua waliokwisha kufa, wala haikumaliza uvumi wa kambini. Kazi yake ilikuwa ndogo kuliko hiyo, na ngumu kuliko kufoka: kumpa msikilizaji sauti ya pili, ili apate kulinganisha.

Wanafunzi wa historia mara nyingi huuliza ni nani atakayemnyamazisha mhariri mwongo. Swali hilo lafaa, na mahakama zipo kwa ajili yake. Lakini Rusumo yatufunza kuuliza jingine mapema zaidi: msomaji wa mhariri huyo ana gazeti gani jingine mkononi? Kanguka ilipokosa kinga, na mhariri wake alipouawa, hakuna nguvu za buibui zilizotosha kuziba pengo. Debe huvuma kwa sababu ni tupu, lakini huua kwa sababu nyumba nzima imenyamaza.